Usuluhishi wa Mahakama na Siku Zake Thelathini: Tathmini ya Huduma kwa Wanaotaka Kumaliza Shauri la Madai kwa Makubaliano

Huduma ninayoitathmini hapa ni usuluhishi unaofanyika ndani ya mahakama za Tanzania katika mashauri ya madai, na hasa sehemu yake moja ambayo wengi huijua pale tu wanapoifikia: namna muda unavyoongezwa wadaawa, yaani pande zinazoshtakiana, wanapokuwa wamekwisha kuelewana katika mambo makubwa, lakini hati yao ya makubaliano haijawa tayari kutiwa saini. Niliitumia huduma hii nikiwa mwakilishi wa kampuni ya familia inayouza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, katika shauri tulilomfungulia mkandarasi aliyechukua saruji na nondo kwa mkopo na kushindwa kulipa. Sitaitaja mahakama, wala msuluhishi, wala mawakili, wala benki iliyoingia katika jambo hili, kwa sababu kanuni zenyewe zinayafanya mazungumzo ya usuluhishi kuwa siri, na kwa sababu ninachotaka kukieleza hakimhusu mtu mmoja. Naipendekeza huduma hii kwa kila mwenye deni linaloeleweka na mdaiwa mwenye mali au kazi. Ninacholalamikia ni jinsi nyongeza ya muda inavyoombwa na jinsi inavyotolewa, maana hapo ndipo makubaliano mazuri yanapoweza kupotea yakiwa yamebakiza hatua chache.

Kwa asiyeufahamu utaratibu, ni vema aanzie kwenye Katiba. Ibara ya 107A(2) inazitaka mahakama, pamoja na mambo mengine, zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, zikuze na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro, na zitende haki bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka. Mtu akisoma maagizo hayo matatu kwa pamoja ataona kwamba suala la nyongeza ya muda limo ndani yake tayari, kwa kuwa agizo moja linahimiza haraka, jingine linahimiza maelewano ambayo aghalabu huhitaji subira, na la tatu linaonya kwamba kalenda isigeuzwe kuwa ukuta. Usuluhishi uliingizwa katika mwenendo wa mashauri ya madai mwaka 1994, na kanuni zinazouongoza zilipangwa upya kwa Tangazo la Serikali Na. 381 la mwaka 2019, lililorekebisha Jedwali la Kwanza la Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Nyaraka za madai na za utetezi zikishakamilika, shauri hupelekwa kwa msuluhishi, ambaye anaweza kuwa jaji, msajili, hakimu, jaji au hakimu mstaafu, au mtu mwingine mwenye sifa zinazotakiwa. Kanuni ya 32 ya Amri ya VIII, yaani sehemu ya nane ya Jedwali hilo, inaelekeza kwamba kipindi cha usuluhishi kisizidi siku 30 tangu kikao cha kwanza.

Maneno hayo, tangu kikao cha kwanza, yana thamani kubwa kuliko watu wanavyoyachukulia. Saa haianzi kwenda siku jaji anapotoa amri ya kupeleka shauri kwenye usuluhishi. Inaanza wadaawa wanapoketi mbele ya msuluhishi. Kipindi kilicho katikati ni cha bure, na kampuni yetu ilikitumia kuandaa muhtasari wa mambo yanayobishaniwa, kupanga hati za kupokelea mzigo kwa tarehe, na kukubaliana sisi kwa sisi nyumbani ni kiasi gani tulikuwa tayari kukisamehe. Wengine niliowakuta kwenye korido walifika kikao cha kwanza wakiwa hawajui hata jumla ya deni wanalodai, na kikao chote kikaishia kwenye kutafuta risiti. Siku zao thelathini zilianza kuliwa hapohapo.

Kuhusu kikao chenyewe, sina budi kusifu. Chumba kilikuwa cha kawaida, hakuna aliyevaa joho, na msuluhishi alituketisha kwenye meza moja, akaeleza kwamba hatatoa hukumu na kwamba kitakachosemwa humo hakitatumiwa dhidi yetu shauri likirudi kusikilizwa. Kisha alimtoa mwenzetu akazungumza nasi peke yetu, akatutoa sisi akazungumza naye. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama si hisani ya mtu. Kwa mfanyabiashara ambaye amezoea kumsikia wakili wake akizungumza Kiingereza kirefu na kumgeukia baadaye kumpa muhtasari wa sentensi moja, tofauti ni kubwa. Mzee wetu, mwanzilishi wa kampuni, alimwambia mdaiwa mwenyewe kilichomuumiza, naye mdaiwa akaeleza kwamba mteja wake mkubwa alikuwa hajamlipa kwa kazi aliyoikamilisha. Baada ya hapo ubishi kuhusu kama deni lipo uliisha, tukabaki na swali la litalipwaje. Hatukutozwa ada ya ziada kwa ajili ya msuluhishi.

Hapo ndipo muda unapoanza kuwa tatizo, na ndipo ningependa msomaji aangalie kwa makini.

Mdaiwa alipendekeza kulipa sehemu ya deni kwa awamu, na sehemu nyingine kwa kutuhamishia kiwanja chake cha Kibaha chenye nyumba isiyokwisha. Kiwanja kilikuwa kimewekwa rehani benki. Ili jambo hilo liwe hati inayoweza kusimama mahakamani, ilihitajika barua ya benki ya kukubali kuifuta rehani kwa masharti, na benki haitoi barua ya namna hiyo kabla kamati yake ya mikopo haijaketi. Ulihitajika upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili tujue hakuna zuio jingine juu ya kiwanja. Ilihitajika ridhaa ya maandishi ya mke wa mdaiwa, kwa kuwa mali ilichumwa ndani ya ndoa. Ulihitajika uamuzi wa bodi ya kampuni yetu, na mmoja wa wakurugenzi alikuwa safarini. Kisha ilibidi tujue makadirio ya kodi itakayotokana na uhamisho, ili hati ieleze nani ataibeba, maana mapatano mengi ya ardhi huvunjika kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo mapema. Katika mambo hayo yote hakuna hata moja lililokuwa mikononi mwa msuluhishi, na hakuna hata moja lililotokana na mtu kutotaka kuelewana. Siku thelathini zinatosha kwa watu wawili kukubaliana, lakini taasisi tano zenye kalenda tofauti hazikusanyi saini katika muda huo.

Kanuni zimejaribu kulitazama tatizo la idhini. Anayehitaji ruhusa ya mtu mwingine kabla ya kukubali anatakiwa ahakikishe mtu huyo anapatikana kwa simu wakati wote wa kikao. Kwa mkurugenzi aliye safarini njia hiyo inafaa, na sisi tuliitumia. Kwa kamati ya benki haifai hata kidogo, kwa kuwa kamati haipigiwi simu.

Sasa sheria inasemaje muda unapokaribia kuisha? Wengi hukimbilia kifungu cha 93 cha Sura ya 33, ambacho kinaipa mahakama hiari ya kuongeza, mara kwa mara, muda uliowekwa au kutolewa na mahakama kwa ajili ya kufanya jambo fulani, hata kama muda huo umekwisha kupita. Ni kifungu kizuri, na kwa tarehe ambazo mahakama yenyewe imezipanga, kwa mfano siku ya mwisho ya kuwasilisha hati ya makubaliano, kinatosha. Ila siku 30 za usuluhishi zimewekwa na kanuni, hazikuwekwa na amri ya jaji, na wakili makini wa upande wa pili anaweza kushikilia tofauti hiyo. Njia ambayo mawakili wetu waliichagua, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo salama zaidi, ni kutolazimisha kipindi cha usuluhishi kirefuke bila mwisho. Jalada lilirudi kwa mwenye kusikiliza shauri likiwa na taarifa kwamba wadaawa wameelewana katika mambo ya msingi, kisha pande zote mbili zikaomba kwa pamoja shauri liahirishwe hadi tarehe maalumu ili hati ya makubaliano iwasilishwe. Amri ya XXIII, Kanuni ya 3, inaitaka mahakama iandikishe makubaliano halali yanayomaliza shauri, lote au sehemu yake, na kutoa tuzo, yaani amri ya mwisho ya mahakama inayoweza kutekelezwa, kulingana nayo. Haisemi kwamba mlango huo unafungwa siku ya thelathini na moja. Watu wanaoambiwa kwamba usuluhishi umeshindikana kwa kuwa siku zimekwisha, wakatoka mahakamani wakiamini sasa ni vita, wanastahili kuambiwa jambo hili na mawakili wao siku hiyohiyo.

Hata hivyo, mahakama haikubali kila ombi, wala haipaswi. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya mwaka 2010, iliorodhesha mambo ambayo mwombaji wa nyongeza ya muda anapimwa nayo: aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, aonyeshe bidii na si uzembe, na mahakama inaweza kuangalia sababu nyingine nzito kama uwepo wa kasoro ya kisheria katika uamuzi unaolalamikiwa. Shauri hilo halikuhusu usuluhishi, lakini mtazamo wake umeenea, na jaji anayesoma ombi lolote la muda huwa na maswali hayo kichwani. Ombi linaloishia kwenye maneno kwamba pande zinahitaji muda zaidi wa kukamilisha mazungumzo halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Nililiona hilo kwa macho yangu nikisubiri zamu yetu. Shauri moja baada ya jingine liliitwa, wakili akasimama, akaomba tarehe nyingine kwa ajili ya makubaliano, akapewa, akaondoka. Hakuna aliyeuliza kimebaki nini, nani anakifanya, na lini. Siwalaumu makarani wala mahakimu kwa wingi wa majalada, lakini tarehe inayotolewa namna hiyo haimsaidii mtu isipokuwa yule anayenufaika na kuchelewa. Mdaiwa asiye na nia ya kulipa hupata miezi ya kupumua bila riba kupanda wala mali yake kuguswa, na mdai hulipa nauli ya wakili kila tarehe. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika biashara ndogo tumbo hilo ni mshahara wa wafanyakazi na mkopo wa benki ambao haungoji.

Ombi letu lilikuwa na sura tofauti, na naamini ndiyo sababu lilikubaliwa bila ubishi. Pande zote mbili zilitia saini karatasi fupi iliyosema mambo yaliyokwisha kukubaliwa: jumla ya deni, sehemu itakayolipwa kwa fedha, thamani ya kiwanja, na nani atabeba gharama za shauri. Chini yake kila jambo lililobaki liliandikwa pamoja na jina la anayelishughulikia na tarehe ya mwisho, na barua ya benki iliyoonyesha kwamba maombi yamepokelewa na yanasubiri kikao ikaambatanishwa. Mdaiwa alilipa awamu ya kwanza kabla ya tarehe ile, kama uthibitisho wa nia yake, na malipo hayo yakaandikwa. Karatasi ilieleza pia kwamba, kama mambo yaliyobaki yasipotimia kufikia siku iliyotajwa, mdai ataruhusiwa kuomba tuzo kwa sehemu ya deni ambayo mdaiwa amekwisha kuikubali, bila kusubiri suala la kiwanja. Sharti hilo la mwisho ndilo lililobadilisha mwenendo wa mwenzetu. Simu zake, ambazo kabla ya hapo zilikuwa za kuulizana hali, zikawa za kutuma nakala za nyaraka.

Ndiyo maana naiona nyongeza ya muda kuwa sehemu halisi ya huduma hii, yenye ubora unaoweza kupimwa kama ubora wa kitu kingine chochote. Iliyo nzuri imefungwa kwenye jambo linalojulikana na ina malipo au dhamana ndani yake. Iliyo mbaya ni tarehe tupu.

Majirani zetu wa Kenya walilitazama suala hili kwa namna nyingine. Walipoanza majaribio ya usuluhishi wa mahakama huko Milimani, Nairobi, mwaka 2016, kanuni za majaribio zilizotungwa mwaka 2015 zilitoa siku 60 tangu shauri kupelekwa kwa msuluhishi, na nyongeza isiyozidi siku 10 kwa kuzingatia idadi ya wadaawa au ugumu wa mambo yanayobishaniwa. Napenda uwazi wa mpangilio huo, kwa kuwa mwananchi anajua tangu mwanzo kwamba nyongeza ipo, ina kikomo, na ina sababu zinazotambulika. Siku 10 zisingetosha kwa kiwanja chetu, lakini zingetosha kwa mashauri mengi ya deni la fedha tu, ambayo yanachohitaji ni saini ya mkurugenzi na ratiba ya malipo. Kanuni zetu zingefaidika na kifungu kidogo cha namna hiyo, chenye kumtaka msuluhishi aandike sababu.

Kasoro nyingine nitazitaja kwa kifupi. Likizo ya Mahakama Kuu, inayoanza katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari, huwavuruga wanaoanza kikao cha kwanza mwezi Novemba, na ingefaa mtu aulize kuhusu hilo kabla ya kukubali tarehe. Hakuna fomu ya Kiswahili ya kuombea nyongeza kwa pamoja, kwa hiyo asiye na wakili hulazimika kubuni mwenyewe. Wenye mashauri yanayohusu halmashauri au shirika la umma wajiandae kwa safari ndefu zaidi: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika mashauri hayo, na mwakilishi anayeketi mezani kwa kawaida hana mamlaka ya kukubali kiasi cha fedha papo hapo. Anayedai upande huo asiombe wiki mbili akitumaini muujiza. Aombe muda unaolingana na ngazi ambazo ombi lake litapanda, na amtake mwakilishi azitaje ngazi hizo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Kilichofuata kwetu ni kwamba barua ya benki ilipatikana, hati ikatiwa saini na wadaawa pamoja na mawakili, ikawasilishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, na tuzo ikatolewa kwa masharti yake. Anayefika hapo aelewe uzito wa alichokitia saini. Tuzo inayotokana na ridhaa ya pande zote haikatiwi rufaa kama hukumu nyingine, na ikikiukwa hukaziwa kama hukumu yoyote, kwa kukamata mali au fedha zilizoko benki. Kwa hiyo tarehe za malipo ziandikwe zile ambazo mdaiwa anaweza kuzitimiza kweli, hata kama ni za mbali kidogo kuliko mdai anavyotamani.

Baada ya tuzo, suala la muda hubadilika sura. Mkandarasi wetu alikwama kwenye awamu mojawapo na kutuomba tumsogezee tarehe, nasi tukakubali, kwa kuwa alitueleza kabla siku haijafika na alikuwa na sababu tuliyoweza kuihakiki. Hatukuliacha jambo hilo kwenye simu. Amri ya XXI, Kanuni ya 2, inataka malipo yaliyofanyika nje ya mahakama, au marekebisho yoyote ya tuzo ambayo pande zimeafikiana, yathibitishwe mahakamani, na malipo au marekebisho yasiyothibitishwa hayatambuliwi na mahakama inayokazia hukumu. Maana yake ni kwamba mdaiwa aliyelipa mkononi bila kumbukumbu anaweza kujikuta anadaiwa tena kiasi kilekile, na mdai aliyesogeza tarehe kwa maneno matupu anaweza kuingia kwenye ubishi kuhusu ni tarehe ipi inayofuatwa. Mawakili wa pande zote waliandika barua moja ya pamoja, ikaingizwa kwenye jalada, na awamu ile ikalipwa katika tarehe mpya. Malipo ya mwisho yalipoingia na hati ya kiwanja ikaandikishwa kwa jina la kampuni, tuliwasilisha taarifa mahakamani kwamba tuzo imetekelezwa kikamilifu, na jalada likafungwa.